Toba ya Kweli

Wako wasemao ya kuwa yatosha kumwungamia Mungu kwa siri. Sivyo.

Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, alipompokea Bwana Yesu, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Hakununua msamaha, maana msamaha hauuzwi. Alionyesha ya kuwa moyo wake umegeuka.

Nawe mwanafunzi, ukiiba kalamu ya mwenzako, ukatubu usiku, na asubuhi kalamu ingali mfukoni mwako, toba hiyo ni ya nini? Mwendee, umrudishie, umwambie, "Ndugu yangu, nimekukosea, unisamehe." Aibu ya kuungama ni ya kitambo kidogo, bali amani yake hudumu. Wazee walinena: muungwana ni kitendo.