Deni la mpira Ikombe

Mwenzenu nina deni. Usicheke, si la mama ntilie wala la Mangi wa dukani. Hayo nimeyazoea nayo yamenizoea. Hili ni deni la mpira, na anayenidai ni mtoto wa darasa la tatu.

Mambo yalianza mwaka juzi nilipokwenda Kyela kwenye harusi ya mshikaji wangu. Bibi harusi kwao ni Ikombe, basi baada ya pilau tukasema twende tukapajue. Loh! Gari inakufikisha Matema, kisha uchague mwenyewe: mtumbwi au miguu yako. Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja mpaka ndani ya Ziwa Nyasa, uwanja tambarare hata wa kuanikia nguo ni wa kutafuta. Kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu nje ya nyumba zao, na watoto wanapiga chandimu mchangani, katikati ya mitumbwi iliyopinduliwa ikauke.

Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na mifuko ya nailoni, umefungwa kamba. Mwenye mpira ndiye nahodha, ndiye refa, ndiye rais wa FIFA. Mama yake akimwita akachote maji, mechi imekwisha! Mie nikavimbisha kifua: "Madogo, nikirudi nawaletea mpira wa kweli." Si unajua sisi watu wa mjini, tunatoa ahadi kama tunavyoaga, "nitakucheki". Nikapanda mtumbwi, nikarudi zangu Dar. Mpira? Thubutu!

Kilichonitoa usingizini ni mzungu mmoja wa barafu. Juzi kati umeme ulikatika, nikawa napekuapekua simu gizani, nikakutana na habari za Johann Olav Koss wa Norway. Huyu bwana alikuwa mkali wa mbio za kuteleza kwenye barafu, zile ndefu. Njia yake ni duara la mita 400, kama uwanja wa riadha, ila chini ni barafu na miguuni una viatu vyenye wembe wa chuma. Mnakwenda wawiliwawili, kila mtu na njia yake, na kila mzunguko mnabadilishana njia ili mmoja asipunjike. Hakuna kusukumana. Adui yako ni saa.

Koss alizaliwa Drammen mwaka 1968. Alichukua ubingwa wa dunia wa mbio zote kwa jumla mwaka 1990, akarudia 1991. Olimpiki ya Albertville 1992 ilipokaribia, kongosho likamlaza hospitalini. Akatoka kitandani, akaambulia nafasi ya saba kwenye mita 5,000. Wengine hapo tungerudi nyumbani kunywa uji. Yeye siku chache baadaye akachukua dhahabu ya mita 1,500, kwa tofauti ya sekunde 0.04 tu dhidi ya Mnorway mwenzake Ådne Søndrål. Kope haijafumba!

Lakini stori yenyewe ni ya mwaka 1993. Eritrea ndiyo kwanza imepata uhuru wake baada ya vita ya miaka 30, na Koss akapelekwa huko kama balozi wa mfuko ulioitwa Olympic Aid. Anasimulia kwamba alikuta watoto wakicheza, na mmoja wao alikuwa maarufu kuliko wote. Siri ya umaarufu? Shati lake lilikuwa na mikono mirefu. Alilivua, akalikunja, akalifunga kwa ile mikono, likawa mpira. Koss akawaahidi kwamba Olimpiki ikiisha atarudi na mpira halisi.

Hapo niliposoma nikaweka simu chini. Nilihisi kama ninasemwa mimi.

Basi bwana, Februari 1994 ikafika, Olimpiki ya Lillehammer. Mbio za barafu zilikuwa mji wa jirani, Hamar, ndani ya ukumbi ambao paa lake limejengwa kama chombo cha baharini kilichopinduliwa. Nilipoiona picha yake nikaikumbuka ile mitumbwi ya Ikombe. Koss alikuwa nyumbani, watu wamejaa. Mita 5,000, dhahabu na rekodi ya dunia. Mita 1,500, dhahabu na rekodi ya dunia. Zawadi yake ya fedha ya mbio hizo akaitoa kwa Olympic Aid, akawaomba na Wanorway watoe kroner 10 kwa kila dhahabu ya nchi yao. Kisha Februari 20 ikaja mita 10,000, mizunguko 25. Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 30.55. Rekodi ya zamani, ambayo nayo ilikuwa yake, aliivunja kwa sekunde 13 hivi, na wa pili alichelewa kwa zaidi ya sekunde 18. Piga hesabu: kilometa 44 kwa saa, kwa miguu! Kuna daladala zetu asubuhi hazifiki huko.

Mwezi uliofuata akachukua tena ubingwa wa dunia, kisha akatundika viatu akiwa na miaka 25. Unafikiri alikwenda kula bata? Alirudi Eritrea mwaka huohuo na ndege iliyojaa vifaa vya michezo vilivyotolewa na watoto wa Norway. Magazeti ya kwao yakamrarua: watu hawana chakula, wewe unapeleka mipira! Mwenyewe anasema alitamani ardhi immeze, akamwomba radhi rais wa nchi. Rais akamjibu kwamba hiyo ni zawadi kubwa kuliko zote, maana kwa mara ya kwanza wametazamwa kama watu, siyo matumbo ya kujazwa. Ile Olympic Aid ndiyo baadaye ikaitwa Right To Play, ambayo imefanya kazi mpaka hapa Tanzania.

Jamaa kaahidi ndege, kaleta ndege. Mie nimeahidi mpira mmoja, miaka miwili naukwepa!

Mwisho wa mwezi nikanunua mpira na pampu, nikakata tiketi ya Kyela. Ndani ya basi mzee mmoja akauona mpira kwapani. "Kijana, unakwenda wapi na hilo?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa: "Huko wanahitaji dawa, wewe unawapelekea mpira. Mpira unaliwa?" Shikamoo yangu ikawa haina kazi. Nikajaribu kumsimulia Koss, alipofika kwenye barafu mzee akalala.

Ikombe nilifika jioni. Watoto wakanizunguka, nikawaambia habari za mtu anayekimbia juu ya maji yaliyoganda. Mmoja akalitazama ziwa. "Kaka, likiganda lote dagaa watakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikajaza upepo, mechi ikaanza, na haikupita nusu saa mpira ukaingia ziwani, mtumbwi ukatumwa kuufuata.

Yule nahodha wa zamani, mdai wangu, sasa amerefuka. Alicheza winga, tena vizuri tu. Ila mpira wake wa matambara hakuutupa, aliuweka juu ya mtumbwi, akawa anautupia jicho. Nikamuuliza wa nini tena.

"Wa akiba, kaka," akasema. "Huo wa dukani ukipasuka, tutakungoja miaka mingine miwili?"