Raha ya usiku isigeuke karaha ya miguu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mwendo wa saa kumi alfajiri, simama kando ya barabara yoyote ya Westlands jijini Nairobi uwatazame wanaotoka kwenye kumbi za densi. Utawaona akina dada waliovaa wakapendeza, viatu wamevishika mkononi, wakitembea peku juu ya lami wakitafuta matatu. Mabwana nao hawakusalimika. Huyu anachechemea, yule amekaa ukingoni mwa barabara akilegeza kamba za kiatu cheusi kilichochongoka mbele kama mdomo wa korongo. Wapita njia huwacheka. Mimi sioni la kuchekesha.

Tumezoea kuambiwa kwamba anayetaka kupendeza sharti avumilie, nasi tumekubali kana kwamba ni amri. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na ni kosa linalolipiwa polepole. Maumivu ya usiku mmoja huweza kuisha kufikia Jumapili jioni. Yanayorudiwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi huacha alama.

Ebu fikiri, msomaji. Mguu wako, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 iliyoshikanishwa kwa viungo zaidi ya 30. Ukivaa kiatu bapa, uzito wa mwili hugawanywa kati ya kisigino na sehemu iliyo nyuma ya vidole. Kiinue kisigino, na uzito huo humiminika mbele. Kadiri kinavyozidi kuwa kirefu ndivyo sehemu ya mbele inavyozidi kubebeshwa mzigo. Kisha ongeza rumba ya saa tatu mfululizo juu ya sakafu ya saruji au vigae. Kiatu kikiwa chembamba mbele, neva zinazopita kati ya mifupa ya vidole hubanwa, na ndiyo sababu unahisi moto au ganzi kama kwamba umekanyaga kijiwe kisichoonekana. Kidole gumba kikizidi kusukumwa kuelekea wenzake, nundu huota kwenye kiungo chake. Wapo wanaozaliwa na mwelekeo wa kupata nundu hiyo, lakini kiatu cha kubana huichochea. Isitoshe, anayeshinda kutwa na kukesha kucha juu ya visigino virefu hufupisha misuli ya shavu la mguu, hata siku akivaa malapa anahisi kuvutwa nyuma ya mguu.

Sisemi viatu vya mchuchumio vichomwe. Mwenye kuvipenda avivae, lakini achague kwa busara. Kisigino kisizidi sentimita 5 na kiwe kipana, si kama msumari. Chenye ukanda wa kushika kifundo ni bora kuliko cha kuchopeka tu. Kiatu kisichoshikwa na ukanda hushikwa na vidole vyenyewe: vinajikunja usiku kucha kukizuia kisichomoke, na asubuhi unashangaa kwa nini vinauma ilhali kiatu kilikuwa na nafasi!

Kuhusu kununua, nenda jioni. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha saa tatu asubuhi kitakubana saa tatu usiku. Jaribu vyote viwili, kwani kwa watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Nunua kwa kipimo cha ule mkubwa. Simama, usijaribu ukiwa umekaa, na uhakikishe kuna nafasi ya karibu upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole chako kirefu zaidi. Nyumbani, kanyaga karatasi, uchore mguu wako kwa kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro huo. Ikiwa mchoro unachomoza pande zote, umenunua kiatu cha mtu mwingine.

Na wengi wetu, tuseme kweli, huvaa viatu vya watu wengine. Gikomba na Toi ndiko jiji linakovalishwa, na hakuna aibu. Kiatu cha mtumba kilichoshonwa vizuri hukishinda kipya cha plastiki kinachong'aa dirishani. Lakini usimwachie muuzaji akuchagulie kwa rangi. Kiweke juu ya meza ukitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na kiatu kitakulazimisha umwigize. Tazama soli kama imelika upande mmoja, hasa kisigino. Kikunje: kinapaswa kujikunja penye vidole, si katikati kama chapati. Bonyeza ndani kwa kidole uone kama sponji bado inarudi au imekuwa gumu kama ubao. Muuzaji atanung'unika kwamba unamharibia wakati. Mwache anung'unike.

Kipya au cha mtumba, kiatu kisifanyiwe majaribio usiku wa starehe. Kivae nyumbani saa moja leo, saa mbili kesho, ujue kinakuchuna wapi. Malengelenge hutokana na msuguano pamoja na joto na jasho, kwa hiyo mahali hapo pabandike plasta mapema au upake mafuta mazito ya kujipaka kabla ya kutoka. Lengelenge likitokea, usilitumbue. Ile ngozi ndiyo bandeji bora uliyo nayo.

Jambo moja hunishangaza. Asubuhi ya siku za kazi, utawaona akina dada wa Nairobi wakishuka kwenye matatu na raba miguuni, viatu vya ofisi vikiwa ndani ya mkoba au vikiwangoja chini ya meza. Hekima hiyo hupotelea wapi Ijumaa usiku? Viatu bapa vinavyokunjika haviongezi uzito wa kutisha mkobani. Densi ikiisha, badilisha, utembee hadi kituoni kama mtu. Na hata ndani ya ukumbi, si lazima ucheze kila wimbo. Kaa nyimbo mbili, nyoosha vidole chini ya meza, kisha urudi uwanjani.

Kutembea peku ndilo kosa ninaloliogopa zaidi. Barabara za burudani alfajiri zina vigae vya chupa, misumari, na mambo mengine ambayo si ya kuandikwa gazetini. Jeraha la kuchomwa linaweza kuleta pepopunda, na watu wazima wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Ukichomwa, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kliniki uulize kuhusu chanjo. Kwa mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa maana ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu. Mtu hucheza usiku kucha na jiwe ndani ya kiatu bila kujua, na kidonda kidogo kikaishia kukatwa mguu. Ikiwa unaugua kisukari, papasa ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kagua nyayo zako kila siku, hata kwa kutumia kioo.

Pombe nayo hufanya kazi kama hiyo kwa mtu mwenye afya: huficha maumivu na kuharibu usawa wa mwili. Ndiyo maana kifundo huteguka saa nane na mwenyewe huendelea kucheza hadi saa kumi. Kuna na hawa wanaomeza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka, ati miguu isiwasumbue. Dawa za aina ya ibuprofen zikichanganywa na pombe huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Usijaribu.

Hadi hapa nimezungumza na anayelipa. Lakini yuko dada anayemletea kinywaji chake, aliyesimama tangu saa kumi na mbili jioni, na ambaye hawezi kukaa nyimbo mbili. Baadhi ya kumbi humtaka avae visigino virefu ili wateja wafurahi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kukaa kwa wafanyakazi wanaofanya kazi wakisimama, wapumzike nafasi ikipatikana. Ni kumbi ngapi zenye kiti hicho? Nchini Ufilipino, wizara ya kazi iliamuru mwaka wa 2017 kwamba wafanyakazi wasilazimishwe kuvaa visigino virefu, na wapewe nafasi ya kupumzika. Sisi tunangoja nini? Vilevile, mabaunsa wanaomrudisha mteja mlangoni kwa sababu amevaa raba safi wakumbuke kwamba mteja asiyeumwa na miguu ndiye anayekaa hadi mwisho na kuagiza tena. Wenye kumbi wanaojua hesabu wangelifikiria hilo.

Ukifika nyumbani, osha miguu, ikaushe hata kati ya vidole, kisha lala ukiwa umeiinua juu ya mto. Asubuhi, viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo kwa dakika chache, halafu egemea ukuta unyooshe misuli ya nyuma ya mguu. Ikiwa hatua za kwanza kutoka kitandani zinakuchoma kisiginoni kwa wiki kadhaa, huo si uchovu wa densi tena, mwone daktari. Na kifundo kilichoteguka kikiwa kimevimba hata huwezi kupiga hatua nne, usikikande wala usimwite jirani akivute. Nenda ukapigwe picha ya eksirei siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili na kichwa nacho kinakuuma.