Mama akisema "nirudisheni nyumbani", msikilize

Umemleta mama mjini kwa nia njema. Presha yake ilikuwa juu, na kule Rombo alibaki peke yake katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, katikati ya kihamba. Sasa yuko kwako Dar es Salaam, ana chumba chake, feni na televisheni. Lakini chakula anaonja tu, usiku halali, na kila asubuhi anasema lilelile: "Nirudisheni nyumbani."

Wengi wetu hujibu, "Mama, kule utabaki na nani?" Mazungumzo yanaishia hapo. Kwa maoni yangu, tunakosea.

Mama hakuacha kuta na bati tu. Ameacha migomba yake, kaburi la mumewe, na majirani wa kuongea nao Kichaga. Kwako anashinda ndani, wewe kazini na wajukuu shuleni. Huo ni upweke, hata kama usiku nyumba imejaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo na sonona.

Hata hivyo, usiseme haraka kwamba amekumbuka nyumbani tu. Mpeleke hospitali kwanza. Kukosa usingizi na hamu ya kula kunaweza kutokana na sonona, maambukizi au dawa anazotumia. Na mzee anayeomba kurudishwa nyumbani wakati yuko kwake mwenyewe, huenda ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Akiwa na akili timamu, uamuzi ni wake. Akirudi, arudi na dawa za kutosha, kadi yake ya kliniki, mtu wa kulala naye, na mpango wa kupimwa presha katika kituo cha afya cha karibu. Nyumba nayo irekebishwe: taa ya kwendea chooni, kishikio ukutani, na moshi wa kuni uwe mbali na anapolala.

Akibaki, mpe shughuli, mtafutie watu wa lugha yake, na Desemba mpeleke kihambani.

Mpendwa msomaji, leo jioni, kabla ya kumkumbusha vidonge, muulize anakumbuka nini zaidi. Kisha kaa umsikilize.