Tusinunue Dawa kwa Sauti ya Simu

Hapa Gatongora, upande wa Ruiru, siku hizi simu hulia asubuhi na mapema watu wakikamua ng'ombe, na anayepiga si ndugu wala karani wa chama cha ushirika. Ni mtu mwenye maneno matamu. Humwita mwenye simu "mama" au "mzee", husema anatoka katika duka la dawa la mtandaoni, kisha huuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye presha, sukari au maumivu ya magoti. Akijibiwa kwamba yupo, asema anayo dawa ya kumaliza ugonjwa huo kabisa. Bei imepunguzwa leo tu, na pesa zitumwe kwa simu kabla ya saa sita.

Nanyi wakulima wa skimu mjue kwamba simu haina mpaka. Ikiwa imelia kwetu leo, kesho italia kwenu.

Watu wengi huziona simu hizi kuwa ni usumbufu tu, kama nzi. Maoni yangu ni kwamba ubaya wake mkubwa si kelele, wala si pesa zinazopotea. Ubaya wake ni kumfanya mgonjwa aache dawa ya hospitali. Jirani yangu mmoja, mama mwenye presha, aliambiwa na sauti ya namna hiyo kwamba vidonge vya kliniki vinamharibu figo, na kwamba aviache wakati anapokunywa unga atakaoletewa. Akaviacha. Haikupita muda mrefu akashikwa na kichwa na kizunguzungu, mwanawe akamkimbiza kwenye kituo cha afya. Presha ilikuwa juu sana. Akarudishiwa vidonge vyake vilevile, na kwa bahati akapata nafuu. Wengine hawana bahati hiyo: huanguka wakapooza upande mmoja. Na mgonjwa wa sukari anayeishi kwa sindano ya insulini, akiiacha kwa siku chache tu aweza kufa. Pesa zikipotea, mtu huuza gunia la mahindi akazipata tena. Mkono uliopooza hauuzwi sokoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi wakulima twajua sana kununua kwa uangalifu. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko papa hapa Ruiru, nacho ndicho kilichotoa mche wa Ruiru 11 mwaka 1985, wenye nguvu ya kushindana na ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Ni mkulima gani atakayenunua miche hiyo kutoka kwa mtu asiyemwona, asiyejua kitalu chake kiko wapi? Hata mbegu ya mahindi hatuiamini kwa maneno. Twakwaruza kibandiko cha mfuko na kutuma nambari yake kwa 1393, na KEPHIS watujibu kama mbegu ni ya kweli. Mwaka 2024 wengine waliuziwa mifuko iliyoandikwa mbolea, kumbe ndani si mbolea, na tangu hapo twatazama mara mbili. Basi kwa nini tuwe waangalifu kwa shimo la mahindi, tukawa wazembe kwa mwili wa mama yetu?

Sisemi kwamba kila duka linalouza kwa mtandao ni la wezi. Duka halali laweza kupokea simu na kutuma dawa. Lakini duka halali lina leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo kazi yake yatokana na sheria iliyopo tangu mwaka 1957, na Bodi hiyo huweka orodha ya maduka yaliyopewa leseni. Lina mfamasia anayejulikana kwa jina. Tena kwa dawa kali litataka kwanza kuona cheti cha daktari. Kwa hiyo anayepiga simu aulizwe mambo matatu: Duka lenu liko mahali gani? Nambari ya leseni yenu ni ipi? Mfamasia wenu ni nani? Kisha kata simu, ukaulize Bodi wewe mwenyewe, wala usitumie nambari uliyopewa na huyo anayekuuzia. Mwenye duka la kweli hatakasirika. Mwongo atakata simu kabla yako.

Wengine watasema kwamba yatosha kuifungia nambari hiyo. Ifungie, ndiyo, na upeleke habari kwa 333 kama unatumia Safaricom. Lakini mwizi hubadilisha nambari kama kinyonga abadilishavyo rangi. Yafaa pia tuzibe njia anayopitia. Twaandika nambari zetu katika daftari za milangoni, katika fomu za bahati nasibu, na pale sokoni tunapopimwa sukari bure na watu tusiowajua. Tangu mwaka 2019 ipo sheria ya kulinda habari za mtu, na biashara haina ruhusa kuitumia nambari yako kukuuzia vitu bila idhini yako. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 na Kamishna wa Data kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine na kuwasumbua wenyewe. Basi kulalamika si kazi bure.

Na aliyekwisha kununua ajihadhari na simu ya pili. Huko Marekani wakuu wa dawa wameonya kwa zaidi ya miaka 10 kwamba watu walionunua dawa kwa simu au mtandao hupigiwa baadaye na mtu anayejidai kuwa afisa wa serikali, akisema wamevunja sheria na watoe faini mara moja au wakamatwe. Hila hiyo yaweza kufika hapa wakati wowote. Faini ya serikali hailipwi kwa kutuma pesa katika simu ya mtu binafsi.

Lakini tusiwalaumu wazee wetu peke yao. Mama yule aliniambia kwamba sauti ile ilimwuliza ameamkaje, ikamsikiliza habari za magoti yake hadi mwisho. Sisi watoto wake mara ya mwisho tulimwuliza lini? Mgeni amepata nafasi kwa sababu wenyeji waliiacha wazi.

Shauri langu kwa kila nyumba ni hili. Kaeni jioni moja, wazee na vijana, mkapatane kwamba hakuna dawa itakayonunuliwa siku ileile iliyopigiwa simu, na hakuna kidonge cha kliniki kitakachoachwa mpaka kliniki yenyewe iseme. Anayesema lazima iwe leo kabla ya saa sita, huyo amekwisha kujieleza. Dawa njema haitoroki jua likitua.