Tanganyika haiko kwenye orodha: vipande vya tovuti vifunguliwe

Wandugu vijana wa Kalemie, na ninyi wenye kutusoma Moba, Nyunzu, Kongolo, Kabalo na Manono,

Mwaka 2015 Katanga ya zamani ilikatwa mara nne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba, na sisi Tanganyika. Nchi ikatoka kwenye majimbo 11 ikafika 26. Hiyo hata mtoto wa masomo ya msingi anaijua. Lakini mpaka leo tunakutana na fomu za intaneti, za kuomba kazi, za kuomba bursi, za kujiandikisha kwa mafunzo, zenye kuandika Katanga tu. Unashusha kidole mpaka chini ya orodha, Tanganyika haiko. Wengine kati yetu wanachagua Katanga ili fomu ipite. Wengine wanachoka na kuacha. Halafu kule ofisini watahesabu na kusema: vijana wa Tanganyika hawakuomba.

Na haiishii kwenye jimbo. Fomu inakuomba majina mawili, wakati Mkongomani ana nom, postnom na prenom, tangu enzi za Mobutu. Inakulazimisha kujaza kodi ya posta. Nani Kituku au Lubuye amekwisha kuandika kodi ya posta? Inataka nambari ya pasipoti, wakati karibu sisi wote kitambulisho chetu ni karte ya kura ya CENI. Ukiacha nafasi wazi, maandishi mekundu yanatokea, na kitufe cha kutuma kinakataa.

Watu wanasema ni dharau. Dharau inaweza kuwepo, hatukatai. Lakini sisi wenye tumesoma informatiki na leo tunazunguka mjini na diplome ndani ya bahasha, tunajua mara nyingi sababu ni namna ukurasa ulivyojengwa. Hilo ndilo tunataka kueleza leo, juu ni jambo la kisiasa hata kama linafanana na jambo la mafundi.

Ukurasa wa tovuti siku hizi haujengwi kama ukuta mmoja. Unajengwa na vipande. Kitufe ni kipande, orodha ya majimbo ni kipande, ramani ni kipande, nafasi ya kuweka picha ni kipande. Fundi anatengeneza kipande mara moja, halafu anakiweka kurasa kumi au mia. Sasa kuna njia mbili za kukitengeneza. Ya kwanza, anaandika majina ya majimbo ndani ya tumbo la kipande chenyewe na kukifunga. Siku nchi ikibadilika, lazima umtafute fundi, na fundi pengine yuko Kinshasa au Ulaya, mkataba wake umeisha, simu hajibu. Njia ya pili, kipande kinaachiwa mlango. Orodha inatoka nje, kwenye faili moja ndogo. Maneno yanatoka nje. Rangi pia. Mwenye ukurasa anabadilisha faili, na kipande kinatii kila mahali kilipowekwa, bila kugusa kodi ya ndani.

Njia hii ya pili haihitaji pesa nyingi. Tangu mwisho wa 2018 vivinjari vikubwa kama Chrome, Firefox na Safari vinaruhusu mtu yeyote kuunda kipande chake mwenyewe na kukipa jina lake, bila kuvuta maktaba nzito ya mtu mwingine. Sheria ya jina ni ndogo: lianze na herufi ndogo ya kawaida, na liwe na kistari katikati. Maana yake unaweza kuandika chagua-jimbo, au tangaza-maji, au picha-barabara, na kivinjari kitaelewa. Kwa Kiswahili, wandugu. Hakuna mtu alitukataza, ni sisi tu tulizoea kufikiri kwamba kompyuta inasikia Kifaransa na Kiingereza peke yake. Na Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kwa nini basi mama wa Kataki akifungua ukurasa wa serivisi ya serikali, kila kitufe kimwambie « Envoyer »?

Mfano uko karibu na sisi. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, kikundi cha vijana, kati yao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walijenga Ushahidi: mtu anatuma ujumbe wa kile ameona, ujumbe unakuwa alama kwenye ramani. Waliacha programu ile wazi, mtu yeyote aichukue na kuibadilisha. Mwaka huohuo wa 2008, mwezi wa kumi na moja, ilitumika kwa vita vya huku kwetu mashariki ya Kongo. Januari 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na watu wa kujitolea wakitafsiri ujumbe wa Kikreoli. Ramani ni ileile, fomu ni ileile, lakini aina za matukio, maneno na lugha vilibadilishwa kulingana na mahali. Kama wangeandika « Nairobi » ndani ya tumbo la kila kipande, Haiti wangeanza upya kutoka sifuri, wakati watu wako chini ya matofali.

Sasa turudi Kalemie. Lukuga ndiyo mlango mmoja tu wa maji ya ziwa Tanganyika kutoka, na mlango huo uko hapa kwetu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia ndani ya nyumba za watu. Wakati kama ule, kila mwenye kuja kusaidia anakuja na fomu yake. Simu mkononi, anauliza maswali, anabonyeza. Na maswali yametayarishwa mbali. Unaulizwa kama nyumba yako « imebomoka » au « haikubomoka », wakati nyumba imesimama lakini maji yanafika magotini na watoto wanalala kwa jirani. Mwenye kuuliza anaona vizuri kwamba jibu haliko, lakini hana ruhusa ya kuongeza hata neno moja. Anachagua la karibu. Jioni yule mama ameandikwa kama mtu asiye na shida.

Kuna wazee watatuambia: watu wana njaa, umeme haupo, na ninyi mnaongea vipande vya tovuti. Tunawaheshimu, lakini hapana. Siku hizi msaada unagawanywa kwa orodha, na orodha inatoka kwenye fomu. Asiyeingia kwenye fomu hapati turubai wala unga. Njaa na fomu vimekwisha kuwa jambo moja.

Kwa hiyo tunasema wazi kwa serikali ya jimbo, kwa ofisi ya meya, na kwa mashirika yanayolipa tovuti kwa jina letu. Mkilipa ukurasa, lipeni ukurasa ambao mtu wa Kalemie anaweza kuubadilisha. Orodha za majimbo, teritware, komine na kartie zikae nje ya kipande. Maneno yakae nje, ili Kiswahili kiingie bila kuomba ruhusa ya mtu. Kodi ikabidhiwe hapa, pamoja na neno la siri la mwenye tovuti, na fundi akae siku mbili tatu kuwafundisha vijana wa hapa kabla hajapanda ndege. Hiyo iandikwe kwenye mkataba. Kalemie hatukosi wenye kusoma. Tunakosa wa kutuachia ufunguo.

Hatusemi kila kitu kifunguliwe. Hapo tunatofautiana na wenzetu wengine wa informatiki wenye kupenda kila kipande kiwe na vifungo hamsini vya kurekebisha. Kwanza, kila kifungo kinaongeza uzito, na uzito ni mega, na mega tunanunua za siku moja. Ukurasa wenye kuchukua dakika mbili kufunguka kwa mtandao wa hapa ni sawa na ukurasa usiokuwepo. Pili, na hii ni nzito zaidi, kuna mambo yasiguswe. Mtu akitangaza kwamba kwenye bariere fulani amelipishwa pesa bila risiti, kipande kinachoficha jina lake na nambari yake kisiwe na mlango hata mmoja. Asije mkubwa fulani kesho akabonyeza « onyesha majina » kwenye mipangilio. Maneno na orodha viwe wazi, ulinzi wa shahidi ufungwe kwa msumari. Anayebuni kipande bila kujiuliza swali hilo anaweza kumuuza mtu bila kujua.

Sisi hatungojei. Tumeanza na vipande vitatu. chagua-jimbo, chenye majimbo yote 26 na chini yake teritware. jina-kamili, chenye nafasi tatu, na ya pili na ya tatu siyo za lazima, juu si kila mtu ana zote. Na tangaza-maji, cha mafuriko na cha bomba kavu, ambacho majibu yake yanaandikwa na watu wa kartie wenyewe. Kwa hiki cha tatu tulikaa na ba mama wa kando ya ziwa, tukawauliza wangependa kuulizwa nini. Swali la kwanza walilotoa halikuwa la nyumba. Walisema: uliza kwanza choo kiko wapi sasa. Hakuna fomu yoyote tuliyowahi kuona yenye swali hilo, na sasa liko juu kabisa.

Vyote vitatu vitatolewa bure, kodi wazi, kwa shule, parokia, shirika la wavuvi, hata kwa ofisi ya serikali ikitaka. Anayejua kutafsiri Kitabwa au Kiluba aje, faili ya maneno haifiki mistari mia moja na haiombi kujua informatiki. Mwenye kompyuta yenye betri nzuri aje nayo, juu ya umeme mnajua wenyewe.