Mgonjwa Hapitishiwi Kofia, Hulipwa Haki Yake

Imekuwa ni ada katika misikiti yetu ya Hamugembe, na bila shaka katika misikiti mingi ya Bukoba na Muleba, kwamba baada ya swala ya Ijumaa husimama mtu, akatoa salamu, akaeleza kuwa ndugu yetu fulani amelazwa, kazi hana tena, watoto wake hawana chakula, na kofia ikapitishwa. Waumini hutoa. Hatuna ugomvi na sadaka hiyo, na Allah (s.w.) awalipe wote watoao. Ugomvi wetu ni juu ya swali lisiloulizwa wakati kofia ile inapita safu kwa safu: ndugu huyu alikuwa akimfanyia nani kazi, na aliyefanyiwa kazi amelipa nini? Mara nyingine jibu limeketi safu ya kwanza, naye ametia noti ya shilingi elfu kumi ndani ya kofia, akaombewa dua.

Hebu tuiangalie sheria ya nchi, maana wengi wetu hudhani mgonjwa hana chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara, maadamu ameleta cheti cha tabibu aliyesajiliwa. Mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo, na 100 akijaaliwa pacha. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa miezi 3 kabla, na akisharudi kazini ana ruhusa ya kutoka kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Na fedha ya siku zile 126 za ugonjwa inatoka kwa mwajiri. Haitoki serikalini, wala haitoki katika kofia ya msikiti.

Wako watakaosema kuwa hayo ni ya watu wa ofisini. Si kweli. Kijana anayebeba magunia ya kahawa, binti auzaye dukani, mkata samaki wa kiwandani, mlinzi, dereva, mtumishi wa nyumbani: wote hao ni wafanyakazi mbele ya sheria. Mwajiri anatakiwa aandike masharti ya kazi na kumpa mfanyakazi wake, na shauri likitokea yeye mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha walichokubaliana. Sisi tulio na Kitabu ambacho aya yake ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, imehusu kuandikiana, ndio tunaoajiriana kwa maneno ya mdomo, tena tukiita huko kuaminiana! Kuaminiana gani ambako mmoja akiugua mwenzake husema hamjui?

Hila inayotumika sana ndiyo inayotuuma zaidi. Mfanyakazi akiwa dhaifu, bosi wake humjia kwa upole: "Bwana, naona afya yako si nzuri, andika barua ya kuacha kazi upumzike, ukipona utarudi." Mgonjwa akaona ametendewa wema, akaandika. Kwa barua ile moja amejivua mengi. Sheria zilizotungwa mwaka 2018, ambazo zilikuja baada ya kelele ndefu zilizoanza mwaka 2012 fao la kujitoa lilipozuiwa, ziliweka fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18, na akapoteza kazi si kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Aliyeandika barua ya kuacha mwenyewe hayumo. Na kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, kimewekwa kwa ajili ya aliyeachishwa na mwajiri. Kwa hiyo ile barua ya "kupumzika" imemwokolea bosi fedha, ikamfunga mgonjwa mikono. Aliyeachishwa bila sababu ya haki naye asikae nyumbani akisubiri bosi atulie hasira. Ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na akichelewa itambidi kwanza aombe asamehewe kuchelewa. Wengi huja kutuuliza mwezi wa tatu.

Kuna na dhulma nyingine iliyofichika zaidi. Mfanyakazi anakatwa mshahara kila mwezi kwa jina la NSSF, naye anaridhika kuwa akiba yake inakua. Siku anapougua au anapoachishwa, akaenda ofisini kudai, anaambiwa kuwa mchango wa mwisho uliletwa miaka miwili iliyopita. Fedha ilikatwa, haikufika. Katika asilimia 20 inayotakiwa kuchangwa, mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki ni ya mwajiri mwenyewe. Basi huyu amezuia yake, na ya mwenzake ameila. Jina la kitendo hicho katika dini yetu tunalijua sote: ni khiyana ya amana. Mtume (s.a.w.) alihimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyemtumikisha mwenziwe akakamilishiwa kazi kisha asimpe ujira wake ametajwa miongoni mwa watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Khatibu gani wa Bukoba aliyeihutubia hadithi hiyo mwaka huu? Tumesikia khutba nyingi juu ya urefu wa suruali.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu: mifuko hii ina shubha ya riba. Ni suala zito, na maulamaa waendelee kulijadili. Lakini mbona hoja hiyo huibuka siku ya kupeleka michango, wala haikuonekana siku mwajiri yule yule alipochukua mkopo wa benki kujengea ghorofa? Tena likizo ya ugonjwa haina mfuko wala uwekezaji. Ni mtu kumlipa mtu. Riba imeingia mlango gani hapo? Na aliyeumia kazini, aliyekatwa kidole na mashine au kuvunjwa mguu na mzigo, ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, ambao mfanyakazi hakatwi hata senti kwa ajili yake. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara. Lakini madai yana muda wake, miezi 12, na mwajiri asiyejisajili hupenda sana kumlipia majeruhi dawa za wiki mbili ili yaishe kimya kimya.

Sasa tuseme yaliyo ndani ya nyumba yetu. Ni nani aliyemsajili maalim wa madrasa? Mtu anafundisha watoto wetu miaka 15, alasiri mpaka magharibi, kwa posho inayotegemea michango ya wazazi, bila mkataba, bila likizo, bila hifadhi. Akishikwa na kisukari au kiharusi kamati humtafuta maalim mwingine, na yeye akawa jina la kutangazwa Ijumaa. Shule zetu za Kiislamu zinamlipa mwalimu wa hisabati kwa mkataba na kumchangia, kwa sababu wakaguzi watauliza. Mwalimu wa Qur'ani hana mkaguzi. Tumelijadili hili kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, maana tulijua litawaudhi wenzetu tunaoshirikiana nao.

Na yupo mjane. Sheria inatoa likizo ya msiba yenye malipo ya siku 4, ilhali eda yake ni miezi minne na siku kumi. Ni kweli maulamaa wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja, na kazi ni haja. Lakini siku 4 ni kima cha chini kilichowekwa na sheria, na hakuna anayemkataza mwajiri Mwislamu kuzidisha, kumpangia zamu za mchana, au walau kumwacha aziunganishe na siku zake 28 za likizo ya mwaka. Hatujasikia taasisi yetu yoyote hapa iliyoliandika hilo katika kanuni zake.

Wahaya hatukosi moyo wa kusaidiana. Watafiti waliokwenda Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, walikuta kijiji cha kaya 119 kimefungamana kwa mikopo, zawadi na vyama vya kuzikana. Hapa Hamugembe nako mtu akifa, jamvi, sufuria na daftari la michango hufika kabla ya sanda. Tumejipanga kwa maiti kuliko kwa mgonjwa! Nguvu ile ile ya vyama ingetosha kumsindikiza mfanyakazi hadi kwa Afisa Kazi, kumsaidia kuijaza fomu ya Tume kabla siku 30 hazijapita, kumkumbusha aliyejiajiri kuwa naye anaweza kujiandikisha NSSF kwa hiari, na kumwambia kila mwajiriwa aombe taarifa ya michango yake mapema, akiwa bado mzima.

Kwa hiyo tunawataka maimamu na kamati za misikiti ya Hamugembe, Kashai, Bilele na Rwamishenye, pamoja na ndugu zetu wa Muleba na Kamachumu, watujibu kwa maandishi kabla ya toleo lijalo: msikiti wenu una wafanyakazi wangapi, wakiwemo maalim, mwadhini na mlinzi? Ni wangapi wenye mkataba wa maandishi? Ni wangapi wanaochangiwa? Majibu yote tutayachapisha kama yalivyo, tukianza na ya msikiti wetu wenyewe.