Mawe ya Kilwa Yamepona, Kimgao Je?

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini. Kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 hatari ikatangazwa kupita. Waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi.

Hata hivyo, kuta hizo hazikujengwa na mabubu. Pwani hiyo ina lahaja yake ya Kiswahili, Kimgao, ambayo leo husikika zaidi vinywani mwa wazee. Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine zilibaki nje ya darasa. Nasi tumeongeza kosa letu: mtoto anayesema kama bibi yake huambiwa amekosea.

Siupingi usanifu, umetuunganisha. Lakini umoja haudai usahaulifu. Kabla ya kukopa istilahi za bahari ng'ambo, ingefaa kumwuliza kwanza mvuvi wa Songo Songo huiitaje mikondo, pepo na samaki wake.

Ndugu mwanafunzi utokaye Kilwa au Lindi, likizo hii mrekodi bibi yako kwa ridhaa yake. Andika neno, maana na kijiji. Nawe mtumishi wa halmashauri, tenga mahali pa kuyahifadhi maandishi hayo. Ukuta ukianguka, fundi huweza kuujenga upya. Neno lisiloandikwa huzikwa na msemaji wake wa mwisho.